Hodi ya Ngomeni

Kila asubuhi mfagiaji wa ngome ya Mjerumani hupanda kilima, ufagio kwapani, miguu imelowa umande wa njia ya Isongole. Langoni huchutama, hupiga makofi taratibu kwa viganja vilivyopasuka, na huita hodi kwa sauti ya mtu aliyekuja kuazima chumvi. Kisha husubiri. Mji unafuka moshi kule chini, naye anasubiri tu.

Sadoki, askari wa lango, alivumilia hadi siku moja akashindwa. "Mama, ndani hamna mtu. Unamwita nani?"

"Kabla ya ngome, hapa palikuwa kwa baba yangu," alisema akiinuka. "Wajerumani waliingia bila hodi. Wako wapi leo?"

Sadoki akainua macho kuitazama bendera ya Mwingereza. Mama alikuwa keshaanza kufagia chini yake.