Siku Mto Ulipotufungia Nyumbani

Mwezi wa mwisho wa mimba yangu ya pili sikuweza kutulia. Nilikaa, nikainuka. Nilijilaza, nikaamka kupanga upya nguo za mtoto ambazo nilikuwa nimezipanga asubuhi ileile. Masika ilikuwa imekaza huku Machame. Mvua inapumzika kidogo, inaanza tena, na mlima hatukuuona kabisa. Mume wangu alikuwa huko juu, ndani ya mawingu hayo, anaongoza wageni. Tulikuwa tumekubaliana apande safari hiyo moja tu. Akishuka angenipeleka mjini Moshi kwa mama yangu, nikae karibu na hospitali mpaka nijifungue. Kliniki waliniambia muda bado upo.

Mama yangu alikuwa hajawahi kufika kwetu. Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa mjini, nimelelewa kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na majirani wa kila kabila. Nikaolewa bomani, kwenye ofisi ya serikali, na Mmachame, Mlutheri, ambaye babu yake alisaidia kujenga kanisa la mtaa wao. Mama alikubali kwa mdomo. Mume wangu akienda kwake alipikiwa vizuri na kuitwa mwanangu, lakini kupanda huku, kukaa kwenye sebule ya mkwe mwenzake, hapana. Kila nilipomwalika, magoti yalimuuma.

"Magoti ya mama yako yanaendeleaje?" mama mkwe alikuwa akiniuliza, macho yake kwenye ndizi anazomenya.

"Hajambo sasa, mama."

Kisha anachukua ndizi nyingine.

Asubuhi hiyo tulikuwa jikoni, mimi, mama mkwe na wifi yangu. Nilikuwa nimeamka na maumivu ya kiuno, nikayapuuza, maana kiuno kilikuwa kinauma kila siku. Niliinama kuokota kisu kilichoanguka, nikasikia maji ya moto yananitiririka miguuni. Nilisimama pale nikiangalia sakafu kama vile si mimi.

"Chupa imepasuka," alisema mama mkwe. Hakupaza sauti. Alizima jiko, akamgeukia wifi: "Kimbia kwa jirani mwenye gari."

Wifi alirudi amelowa, matope hadi magotini. Gari lipo, lakini mto umefurika. Maji yanapita juu ya daraja la chini, na barabara ya juu ni tope tupu, magari mawili yamekwama humo tangu jana. Mwenye gari amesema maji yakipungua tu anakuja.

"Basi kamwite mama nesi," alisema mama mkwe.

Mama nesi ni jirani yetu, mkunga aliyestaafu, mwanamke mrefu anayefuga mbuzi wa maziwa na kuimba kwaya. Wifi alipotoka nilimpigia mama simu. Sikujua ninataka anifanyie nini. Nilimwambia tu kwamba uchungu umeanza na daraja limefunikwa na maji.

Nikasikia sauti ya cherehani za jirani yake pale dukani kwake mjini.

"Nakuja," akasema.

"Mama, nimekwambia daraja—"

Alikuwa ameshakata.

Mkunga alikuja na mabuti na mwavuli, begi dogo kwapani. Nilimwamkia shikamoo huku nimeshika mlango.

"Marahaba, mwanangu. Kwanza tuelewane. Mimi sikuja kukuzalisha. Nyumbani si mahali pa kuzalia. Nimekuja kukuangalia mpaka gari lipite."

Alinipima. Alipomaliza hakusema kitu, alikwenda kunawa tena mikono, safari hii hadi viwikoni. Akaagiza maji ya moto, wembe mpya, uzi uchemshwe, taulo safi zote zilizomo ndani. Niliona akivaa glavu kinyume, akaivua, akaivaa upya. Na yeye aliniona nikimtazama.

"Miaka sasa sijashika mtoto mbichi," alisema. "Lakini nitashika."

Nilishindwa kukaa kitandani. Kila uchungu ulipokuja nilitaka kuwa mahali pengine. Nilitoka chumbani kwenda sebuleni, sebuleni hadi barazani, kutoka barazani nikaingia kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba, nikazunguka nyumba. Mama mkwe alinifuata nyuma na mwavuli, hatua kwa hatua, kama mtu anayemsindikiza bibi harusi. Nikisimama, anasimama. Nikishika mgomba na kuinama, anaweka mkono wake mgongoni kwangu na kusukuma kwa nguvu, pale pale panapouma.

"Mwambie alale," wifi alisema kutoka mlangoni, amejaa hofu.

"Mwache atembee," mkunga alijibu. "Mtoto anashuka."

Nilipojifungua mara ya kwanza nililala kitandani nikiangalia dari, wodi imejaa, na nilidhani kuzaa ndiyo hivyo, kuvumilia umelala. Sasa nilikuwa ninatembea kwenye mvua nimevaa khanga mbili, ninaguna kama ng'ombe, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Lakini hofu haikuniacha. Nilimfikiria binti yangu, aliyekuwa kwa dada yangu mjini. Nilimfikiria mume wangu, asiye na habari. Nikamfikiria mama na lile daraja.

Nilikuwa nimerudi chumbani, nimepiga magoti juu ya godoro walilolitandika chini, nilipomsikia mama akibisha hodi.

Alikuwa amelowa hadi kifuani, ndala mkononi, mtandio umejaa tope. Bodaboda ilimwacha mtoni. Vijana waliokuwa pale walimwambia kuna kivuko cha magogo huko juu, wanakopita wakata majani ya ng'ombe. Akapanda hadi huko, akavuka ameshikwa mkono na mtu asiyemjua, kisha akauliza njia nyumba kwa nyumba. Haya tuliyajua baadaye. Pale mlangoni alisema neno moja tu: "Yuko wapi?"

Mama mkwe alimtazama kutoka juu hadi chini. Nilikuwa katikati ya uchungu, lakini naukumbuka mtazamo ule.

"Karibu, mama," alisema. Akavua sweta lake mwenyewe akampa. "Badili kwanza, usije ukaumwa. Halafu njoo umshike upande huu. Mimi mkono umechoka."

Mama alibadili palepale, mbele yetu, akaja. Mmoja kulia, mwingine kushoto, mikono yangu kwenye shingo zao. Mama alikuwa anamwita Mola chinichini, mama mkwe anamwita Yesu, na mimi nilikuwa nawaita wao.

"Usisukume bado," mkunga alisema. "Hema. Hema kama unapuliza chai. Haya, sasa. Sasa!"

Kichwa kikatoka, halafu mkunga akaniamuru nitulie hapo hapo, nisisukume. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Sikuona alichofanya. Niliona tu uso wa mama, na sikupenda nilichokiona, nikageukia wa mama mkwe, nao ulikuwa vilevile. Kisha mwili mzima wa mtoto ukateleza, na hakulia.

Mkunga alimsugua mgongoni kwa taulo, akampiga nyayo kidogo, akamsugua tena. "Lia, baba. Lia tu." Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitaka kuinuka nimchukue, wakanizuia. Ndipo akatoa sauti ndogo, kama ya kukereka, halafu akalia kweli.

Mama mkwe alipiga kigelegele. Mama alianza kucheka, akaishia kulia. Nilidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kondo la nyuma lilikataa kutoka, na damu ilikuwa inakuja zaidi ya inavyotakiwa. Nililijua hilo kwa sababu mkunga aliacha kutuita mwanangu na mama, akaanza kutoa amri fupi. Mweke titini. Mletee beseni, akojoe. Wewe mshike mtoto. Wewe sogeza taa. Mtoto alihangaika na titi, akalipata, akaliacha, akalipata tena. Nilianza kusikia baridi, na sauti zao zikawa zinatoka mbali. Mama alinipiga shavuni. "Nitazame. Mimi sikuvuka mto kuja kukutazama umefumba macho."

Nilimtazama. Tumbo likakaza tena, na kondo likatoka. Mkunga alilichunguza kipande kwa kipande kwenye mwanga wa dirisha, akaridhika kwamba ni zima, akaanza kunikanda tumbo kwa nguvu hadi nikamtukana. Damu ikapungua.

Hata hivyo hakukaa. Alichungulia khanga, akanishika mkono kuhesabu mapigo, akaenda mlangoni kuangalia mvua, akarudi. Mchana maji yaliposhuka, gari likaja, tukashuka wote hospitalini. Waliniongezea maji, wakanishona kidogo, wakampima mtoto. Kesho yake tuliruhusiwa.

Mume wangu alinipata kwa simu akiwa kambi ya juu, upepo unavuma kwenye sauti yake. Nilimwambia ana mtoto wa kiume. Aliniuliza mara tatu kama natania.

Mama hakurudi mjini. Alisema atabaki mpaka nipate nguvu, na nyumba ikawa na wapishi wawili. Mama mkwe alinipikia mtori, supu ya ndizi na nyama, asubuhi na jioni. Mama alipika uji wa pilipili manga, akasema mtori mzito sana kwa mzazi. Nilikula vyote ili kuwe na amani. Siku moja nikiwa nimelala, nilimwona mama amemwinamia mtoto, anamnong'oneza adhana sikioni, haraka haraka, jicho lake mlangoni. Jioni ileile mama mkwe alimwekea mkono utosini, akamwombea kwa Kimachame kwa sauti ya chini. Sikumwambia yeyote kati yao.

Mkunga alipita kila siku kumwangalia mtoto. Mara moja alinikuta peke yangu barazani, nimesimama, ninamtikisa mtoto ambaye wala halii.

"Unamtikisa nini?" aliuliza.

"Naogopa akilala sana. Naweka kidole puani kila mara nione kama anahema."

Alikaa kwenye benchi, akavuta pumzi. "Siku ile nilipofika nyumbani nilitapika," alisema. "Sijamwambia mtu. Ningekuwa na njia nyingine yoyote nisingekugusa."

Nilimpa mtoto. Akamlaza mapajani, akamfungua nepi, akamtazama kitovu kilivyoanza kukauka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaanza kuongea bila haraka, akinieleza jinsi ya kukisafisha.