Car seat ya mwanangu ilibaki imefunga kanga tupu, nusura twende nayo Mchinga

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kilwa Masoko. Chumvi siongezi, aibu iliyomo inatosha.

Mimi ni mtu wa sebuleni. Gari ninayo, ila inajua njia mbili: kwenda sokoni na kurudi.

Kwa hiyo car seat, kile kiti cha mtoto cha kwenye gari, aliyotumiwa binti yangu wa miezi saba na shangazi yake wa Dar, nilikuwa namlishia uji humo mbele ya TV.

Juzi mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, akataka tumrudishe kwao Mchinga, na mjukuu akaonwe na babu yake. Ikabidi kiti kirudi kazini.

Nikakifunga siti ya nyuma, kikitazama mbele. Mama mkwe akamviringisha mtoto kanga doti nzima, tukapitisha mikanda juu yake. Imekaza kweli!

Mke wangu akagoma kupanda.

"Baba Salma, hapo umefunga mtoto au umefunga kanga?"

Swali likaning'ang'ania. Tukamtoa mtoto. Nikajaza nazi kwenye kiroba hadi uzito ukakaribiana na wake, nikakiviringisha kanga zilezile, nikakifunga.

Nikaendesha gari uwanjani hapo nyumbani kwa mwendo wa bodaboda iliyobeba mayai. Nikakanyaga breki.

Puu! Kiroba kiko chini, nyuma ya siti yangu.

Kanga zimebaki kwenye kiti, zimefungwa vizuri kabisa.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Nikaenda kusugua uji uliokauka ubavuni mwa kiti, nione kama kuna maelekezo. Kumbe chini yake kuna stika: mtoto mchanga anatazama nyuma, na mshale unaoonyesha mkanda wa gari unapopita. Miezi yote namwaga uji juu ya maelekezo!

Mama mkwe: "Atazame nyuma kama anafukuzwa?"

"Mama, tujaribu kwanza."

Nikageuza kiti, palepale siti ya nyuma (mbele kwenye airbag, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga, msithubutu). Nikakitikisa, hakichezi. Nikafunga kiroba bila kanga, mikanda imekaza hadi vidole haviwezi kuikunja.

Breki. Nazi kimya.

Mama mkwe akamfunga mjukuu mwenyewe, akabana mkanda kwa vidole kuhakikisha, ndipo akamfunika kanga kwa juu.

"Haya mkwe wangu, twende. Na hizo breki zako ziishie kwenye nazi."

Nilichojifunza: mkanda ukumbatie mwili, kanga ije baadaye.

Wenye watoto wakubwa, wa kwenu mliwageuza kutazama mbele wakiwa na kilo ngapi? Stika yangu imeandika, ila hapo uji ulishashinda, namba haisomeki. Karibuni, na kunicheka ruksa.