Kimya cha Mwari

Sikuomba kuwa bibi harusi. Nilisukumwa tu. Wanawake wa nyumbani kwetu Amu walikuwa wakiigiza harusi uani, na shangazi yangu alijifunga kilemba cha babu akawa kadhi. Angeniuliza mara tatu kama nimeridhika na mume, nami ninyamaze, kwa kuwa kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake.

Aliuliza mara ya kwanza, wakacheka. Mara ya pili nikakumbuka maneno ya mwalimu wetu wa Kurani chuoni: ndoa haina mzaha, hata ya utani hufunga. Mara ya tatu nikapiga ukelele, "Sitaki! Sitaki!" Wakavunjika mbavu, wajinga wale. Shangazi alinifinya paja kwa kumharibia mchezo wake.

Mwaka uliofuata ami yangu, aliyenilea baada ya baba kufa, alisimama nje ya pazia na mashahidi wa kweli, akauliza swali lile lile. Shangazi alikuwa ubavuni mwangu. Sikuwahi kufungua mdomo; kiganja chake kilikuwa kimeshauziba chini ya ushungi.

Ami alisubiri, kisha akasema, "Alhamdulillahi."