Njano ya Dumu la Mafuta

Rangi ya gauni langu la sendofu niliichagua kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Wanaoziona picha huniuliza nani alinishauri, nami huwajibu kwamba niliiona kwenye simu. Ni uongo. Kwenye simu kulikuwa na rangi nyingine kabisa: pichi, krimu, waridi lililopauka, kijani cha majani makavu, rangi zile zilizopoa ambazo mabibi harusi wa siku hizi wanazigombania. Shoga zangu wa Mbalizi, nilikokuwa karani kwenye ghala la mchele, walinitumia picha za namna hiyo kila asubuhi, na mimi nilizipenda. Nilikuwa nimeshaamua: waridi lililopauka kwangu, krimu kwa mpambe wangu, maua meupe mezani.

Kisha mwezi wa nne nikaenda nyumbani Igowole kumsalimia mama, nikamkuta anamimina chai pembeni ya kikombe.

Alinikalisha jikoni akaniambia. Presha ya macho. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu, na tundu lenyewe lilikuwa linazidi kuziba. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki asitegemee kukaa nacho mpaka mwaka uishe, maana alichelewa kwenda. Alichelewa kwa sababu ndivyo alivyo. Mama yangu anaweza kuumwa jino mwezi mzima na majirani wasijue chochote, ila tu kwamba ameacha mahindi ya kuchoma.

"Usimwambie mtu," alisema. "Si kaka zako, si mama yako mdogo. Wakwe zako wakisikia watasema ukoo wetu una upofu. Bibi yako alikufa haoni, na watu wanakumbuka. Niapie."

Nikaapa. Sijawahi kujutia neno lililotoka mdomoni mwangu kama nilivyojutia lile.

Alikuwa na ombi moja tu. Alitaka kuniona nimevaa. Kwenye sendofu zetu, sherehe za kumuaga binti kabla ya harusi, binti akishaingia na mpambe wake, mshereheshaji humwita mama mzazi atoke kwenye kiti chake aje ampokee. Mama hakutaka kushikwa mkono siku hiyo. Alitaka ainuke mwenyewe, atembee mwenyewe, na akifika awe ameniona tangu mbali. Baada ya hapo, alisema, macho yaende yanakokwenda.

Basi sherehe iliyokuwa ifanyike Desemba tukairudisha Julai. Mama mdogo, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati, alinigombeza kwa simu hadi sikio likapata moto. Julai! Nani anafanya sherehe Mufindi mwezi wa Julai, ukungu umelala kwenye mashamba ya chai hadi saa saba, watu wanavaa makoti mawili mawili? Nikamwambia mchumba wangu hana likizo nyingine. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Baadaye niliacha kuuhesabu.

Kabla sijarudi Mbalizi, tulijaribu rangi. Nilitoa nguo zote sandukuni, nikawa nasimama hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni nikiwa nimejifunika moja baada ya nyingine. Ile ya pichi, mama alinyoosha kidole kwenye tangi la maji. Nyeupe ilimezwa na ukungu. Kijani kilipotelea kwenye chai. Nyekundu, ambayo niliitegemea sana, alisema ni kama masizi. Bluu, kimya. Nikamwuliza, "Mama, niko wapi?" naye akageuza kichwa huku na huku akitafuta, na tabasamu lilikuwa bado usoni mwake, na mimi nikakaa chini kwenye majani yenye umande nikalia kwa hasira. Nilitaka kumpiga mtu. Hapakuwa na wa kumpiga.

"Ila lile dumu naliona," mama akasema.

Lilikuwa chini ya mparachichi, dumu tupu la mafuta analotekea maji. Njano kali, ile ya plastiki, isiyo na adabu. Nikalikumbatia kifuani nikaanza kuzunguka uwanja mzima. Kidole cha mama kikanifuata: pale, sasa pale, sasa umejificha nyuma ya banda, nakuona! Tulicheka kama wendawazimu. Nikachukua kisu, nikakata kipande cha dumu, nikakitia kwenye mkoba.

Mbeya nilimaliza maduka ya vitambaa nikiwa na kile kipande cha plastiki mkononi. Wauzaji walinitazama kwa huruma. Mwishowe nikaingia duka la mzee mmoja mwenye kofia, mtu ambaye wazazi wake walihamia kutoka pwani, anayejulikana kwa kuzijua rangi. Nilimwamkia, nikampa kipande. Alikipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Bibie, hii ni rangi ya makoti ya mafundi barabara."

"Ndiyo hiyohiyo ninayoitaka, mzee wangu. Ni ya sendofu."

"Lini, na wapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Julai, Mufindi, halafu watoto mnavaa shifoni mabega nje. Utatetemeka mpaka keki ianguke. Chukua mahameli, shona mikono mirefu. Mahameli inabeba rangi, haitapauka hata kwenye ukungu. Na wenzio wote uwavike kijivu. Rangi kali inataka mtu mmoja. Wengine wapoe, yeye awake."

Ningeweza kumbusu mzee wa watu. Ndicho nilichokuwa nakihitaji: ukumbi mzima wa kijivu, na mimi katikati kama taa. Nikanunua mahameli, nikampelekea fundi Mbalizi, nikaandika kwenye kundi la kamati kwamba sare ya akina mama ni kijivu.

Mama mdogo alipiga papo hapo. "Kijivu? Kwani tumefiwa?"

"Ndiyo mtindo wa sasa, mama mdogo. Mnapoa ili bibi harusi awake."

"Basi hata picha ya gauni nitumie, nijue tunapoa kwa ajili ya nini."

Nikamtumia. Baada ya siku mbili akapiga tena, sauti tamu, akiniuliza duka lile la vitambaa liko mtaa gani, anataka mapazia. Nikamwelekeza mwenyewe, kwa mdomo wangu, mpaka na kona ya kukatia.

Siku ya sendofu niliamka ukungu ukiwa umeziba hata choo cha nje. Mama alikuwa ameshaoga. Macho yalikuwa yamepungua sana tangu Aprili, lakini nilipoiinua ile mahameli mbele yake aliigusa kwanza kwa macho, baadaye kwa mkono. Alisema haijambo. Kwa mama yangu, "haijambo" ni sifa kubwa.

Saa nne nikasikia vigelegele barabarani na watu wakisalimiana kwa Kihehe, "Kamwene!" Nikatoka na rola kichwani. Wakaibuka kutoka kwenye ukungu wawili wawili, wakicheza, mama mdogo mbele: shangazi, mawifi, majirani, wanakwaya, karibu wanawake arobaini, wote wamevaa njano. Njano ileile. Mzee wa duka alikuwa amewatolea majora ya kitambaa chepesi cha rangi hiyo hiyo, naye angejuaje.

"Sapraizi!" mama mdogo alipiga kelele. "Tukuache uwake peke yako, mwanangu, sisi ni wa nani? Ukoo wako wote unawaka nawe!"

Na mdogo wangu, yaani binti yake, ambaye ndiye alikuwa mpambe wangu, tunayelingana urefu kama vidole viwili, akanionyesha gauni lake. Krimu niliyomnunulia ameiacha. Ameshonewa mahameli ya njano, mikono mirefu.

Nikawaambia wavue. Nilisema hivyo hivyo, "Vueni," mbele ya watu wazima walioamka alfajiri kwa ajili yangu. Wakacheka, wakadhani natania. Nikasema tena, sasa kwa kupiga kelele, nikamshika shangazi mmoja upindo wa gauni, na kicheko kikaisha. Mama mdogo alinivuta ndani.

"Una nini wewe? Watu wamejinyima wakashona. Unataka wavae nini sasa hivi, magunia? Wivu wa rangi tu ndio unakutoa machozi?"

Neno moja lingetosha. Mama yangu ni dada yake. Angelia, lakini angewavua wote, hata wangekaa na mashuka. Nikafungua mdomo. Mama alikuwa ameketi kitandani nyuma yake, na alikuwa ameelewa. Alitikisa kichwa taratibu. Wakwe walikuwa wameshafika, magari yalikuwa yanasikika nje.

"Ni uchovu tu," mama akamwambia mdogo wake. "Mwache apambwe."

Tulipobaki wawili nikapiga magoti. Nikamwomba aniruhusu nimfuate mimi kitini, au nimwite, au mtu amshike mkono, chochote. Akanipangusa uso kwa kanga yake. "Nitakuona," alisema. "Nimekuzaa mimi, nitashindwaje kukuona? Usinifanye mgonjwa mbele ya wageni." Nikamjibu vibaya, nikamwambia kiburi chake ndicho kilichompofusha. Sikuomba radhi, kwa sababu mpambaji aligonga mlango.

Tukaingia ukumbini alasiri. Ulikuwa ukumbi wa kanisa, madirisha yake yamejaa ukungu, taa chache, na njano kila mahali: kwenye viti, kwenye njia ya kati, njano zinazocheza kushoto na kulia. Nilitembea nikimtazama mama tu. Alikuwa amekaa wima mbele, kichwa kinageuka upande, kinarudi, kama siku ile ya nguo za sandukuni. Tabasamu lile lile lilikuwepo.

Nikajaribu kusogea mbele ya mpambe wangu. Mshereheshaji akaturudisha, mpiga picha anataka tusimame sambamba. Muziki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hata ningepiga yowe lisingefika viti vya mbele. Kisha mshereheshaji akaita: mama mzazi, njoo umpokee binti yako.

Aliinuka mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Alishuka ngazi moja kwa kuipapasa na kiatu, kitu ambacho nadhani nilikiona mimi peke yangu, akaja akiwa amenyoosha mikono kidogo, polepole, akizipita njano za upande wa kushoto, akizipita za kulia. Alipobakiza hatua tatu kutufikia uso wake ukafunguka. Alikuwa ameona. Akaja moja kwa moja, akamkumbatia mdogo wangu.

Alimshika mabega, akamtazama kutoka chini mpaka juu, akamweka mdomo sikioni. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno. "Nimekuona, mwanangu. Umependeza. Nimekuona tangu kule nilikokaa, nilikuambia nini? Usilie. Yale ya asubuhi nimeshasamehe."

Mdogo wangu akanitazama juu ya bega la mama, macho yamemtoka, hajui kitu lakini ameanza kujua. Nikamtikisia kichwa. Nikaweka kidole mdomoni. Naye, Mungu ambariki, akafumba macho akaitikia kwa kichwa tu, akamkumbatia mama yangu kwa nguvu.

Kisha mama akanigeukia. Alipapasa hewani, akaupata mkono wangu, akaupigapiga kama mtu anavyoshukuru.

"Na wewe asante, mama," aliniambia. "Umempamba dada yako vizuri."

Nikakunja magoti kumwitikia, kwa adabu, kama mtoto wa mdogo wake angefanya. Sikusema kitu. Sauti yangu angeitambua.