Gitaa Lililosikiwa Nyuma ya Pazia

Gitaa la umeme ambalo halijachomekwa popote halina sauti ya maana. Mpigaji mwenyewe hulisikia kwa kuegemeza kidevu kwenye mbao yake. Aliyekaa upande wa pili wa sebule haambulii kitu. Sasa niambie wewe: aliyekuwa chumbani, nyuma ya pazia, alilisikiaje nililokuwa nalipiga, hata akanisahihisha nilipokosea?

Jambo hili lilinifika mimi mwenyewe, huko mtaa wa Kipawa, alasiri, jua likiwaka. Sikuwa na usingizi wala sikuwa nimekunywa. Nitalisimulia kwa mpangilio, kama lilivyokwenda, usije ukasema nimetia chumvi.

Siku za kazi naranda mbao Keko. Mwisho wa wiki napiga solo ya pili kwenye bendi ya dansi huku Temeke. Gitaa langu lilivunjika mpini, nikaliunga, likavunjika tena palepale. Kiongozi wetu akachoka. "Mzee, kuna dogo ana gitaa lake, anasubiri nafasi yako tu," aliniambia mbele ya wenzangu. "Mwezi ukiisha njoo na chombo, la sivyo kapige randa." Wakacheka wote. Mimi nilicheka nao, lakini usiku ule sikula. Ukinitoa kwenye bendi, kinachobaki ni fundi vitanda mwenye vidole vigumu.

Ndipo nikasikia kuna gitaa la Kijapani la zamani linauzwa Kipawa, la mpiga gitaa wa dansi aliyefariki karibuni. Anayeuza ni mdogo wake marehemu, aitwaye Hemedi.

Hemedi alinipokea mlangoni, maneno yakimtoka kama maji ya bomba. "Karibu braza, karibu! Mali hiyo, mji huu huipati tena. Kuna Mhindi wa Upanga kanipigia asubuhi, nimemwambia asubiri kwanza." Nilipoingia sebuleni akashusha sauti na kunionyesha pazia la kijani kwenye mlango wa chumba. "Shemeji yumo humo. Yuko eda. Kila kitu ongea na mie."

Nikaelewa. Mwanamke aliye edani hasogelewi na mwanamume mgeni, na eda hukaliwa nyumbani kwa mume. Nikakaa pembeni, nisilielekee pazia, nikasema, "Shikamoo mama. Poleni kwa msiba." Pazia halikujibu. Hemedi akatabasamu. Tabasamu lile nimelikumbuka mara nyingi tangu siku hiyo.

Akalitoa gitaa kwenye shuka. Nikwambie ukweli, nililitamani palepale. Jekundu lililofifia mpaka likakaribia kahawia, rangi imelika pale mkono unapolala, mpini umenyooka kama rula. Mimi ni mtu wa mbao, najua mbao iliyotunzwa. Lakini umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Spika imekaa kama boksi tupu. Ningejuaje kama nyaya za ndani zinafanya kazi? Ningejuaje kama halikwaruzi?

"Ngoja umeme urudi," nikasema.

"Aa, braza, nina safari mie. Lipige hivyohivyo, mikono yako itakwambia."

Basi nikaegemeza kidevu juu ya gitaa, nikaanza kipande kimoja chepesi ambacho bendi nyingi hufungulia ukumbi. Kuna mahali pake solo inatakiwa isimame kidogo, gitaa la pili lijibu, ndipo iendelee. Mimi sikusimama. Nilikuwa na wasiwasi, nikapita mbio.

"Hapo unakimbia," sauti ya mwanamke ikasema nyuma ya pazia. "Msubiri mwenzio."

Ilikuwa sauti tulivu, ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi mpaka hayahitaji tena nguvu. Unadhani niliogopa? Hata kidogo. Niliona aibu. Nikajiambia, mke wa mwanamuziki ana masikio. "Samahani mama," nikajibu, nikacheka, nikamgeukia Hemedi ili tucheke pamoja.

Hemedi alikuwa amesimama, mgongo ukutani.

Nikarudia kipande. Wakati huohuo ndege ikaanza kushuka uwanjani, na mkazi wa Kipawa atakueleza: ndege ikipita, hata mwenye kugombana hunyamaza. Vikombe vilitetemeka mezani. Mimi mwenyewe sikusikia nilichopiga. Nilifuata vidole tu. Nilipofika pale mahali nikasimama, nikamsubiri mwenzangu asiyekuwepo, nikaendelea.

"Eeh," pazia likasema ndege ilipotulia. "Sasa ndiyo."

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuhesabu. Gitaa halijachomekwa. Mimi mwenyewe sijalisikia. Yeye kalisikia?

"Lichukue," Hemedi akasema. "Lichukue uende nalo, braza. Hela utaleta siku yoyote. Hata usilete."

Muuzaji anayekusukumizia mali bure anatisha kuliko sauti, niamini. Nikaona nitafute ridhaa ya mwenye nyumba. Nikasema, bado sijaliangalia pazia, "Mama, unaridhia nilichukue?"

Kisha kitambaa kile kikavutwa ndani, kama kinavyovutwa mtu akivuta pumzi nyuma yake. Hemedi alitoka mbio. Kandambili zake zilibaki mlangoni.

Nilibaki mimi, gitaa na pazia. Utaniuliza kwa nini sikulifunua. Ungekuwa wewe ungelifunua? Mwanamke yuko eda! Adabu niliyolelewa nayo ndiyo iliyonifunga mikono, na leo sijui kama iliniokoa au ilinidanganya. Nililaza gitaa juu ya kochi nikatoka kinyumenyume.

Barazani nyumba ya pili alikuwapo mama mmoja anakaanga mihogo. Akaniangalia toka juu hadi chini. "We baba, umeingiaje humo? Nyumba imefungwa hiyo."

"Nimeingizwa na Hemedi. Shemeji yake yumo."

"Bi Zuhura?" Akaacha kijiko. "Bi Zuhura kaugua baada ya maziko, mama yake kamchukua kwake Tandika. Eda anaimalizia huko. Humo hamna mtu. Hemedi anakuuzia nini, vitu vya marehemu? Mirathi bado!"

Tuliingia wote wawili. Yeye ndiye aliyelifunua pazia, mara moja tu, kama mtu anayefukuza kuku. Ndani palikuwa na kitanda, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Dirisha limegongomewa misumari. Vumbi la sakafuni halikuwa na alama ya unyayo.

Kesho yake mimi na yule mama wa mihogo tulilipeleka gitaa Tandika. Mama mzazi wa Bi Zuhura alitukaribisha uani, na mwanawe akazungumza nasi akiwa chumbani, nyuma ya pazia jingine.

"Asante baba, umenirudishia amana."

Nikashika ukuta. Sauti ni ileile.

Nikawaeleza yote. Yule bibi akaapa kwamba binti yake hajavuka kizingiti tangu aletwe. Bi Zuhura akasema polepole, "Marehemu alikuwa anafanya mazoezi umeme ukikatika. Mimi niko chumbani, yeye sebuleni. Hapo alikuwa akikimbia siku zote. Nami nilikuwa nikimwambia hivyohivyo. Msubiri mwenzio."

Alikuwa analia.

Tangu siku hiyo sikai chumba chenye pazia mlangoni. Kwangu mapazia nimeyatoa yote, mke wangu ananiona nimerukwa na akili. Na kwenye kile kipande nasimama pale mahali, sikimbii tena, hata nikitaka. Sasa eda imekwisha, mirathi imegawanywa, gitaa limemwangukia Bi Zuhura. Ameniletea ujumbe: anataka nilinunue mimi, si mwingine. Kiongozi wa bendi amekuwa akiniongezea muda mwezi baada ya mwezi, sasa zimebaki siku chache, na dogo yupo mlangoni. Nalitaka gitaa lile kuliko kitu chochote. Sijamjibu.

Nawe unayesoma, ukiambiwa mwenye mali yumo ndani lakini haonekani, usiweke mkono kwenye mali hiyo. Aliyekwambia anaweza kuwa mwongo, na bado mwenye mali akawamo humo kweli.

Hemedi siku hizi kahamia Gongo la Mboto. Juzi alipita karakana yetu kutafuta kitanda, akaniona, akataka kugeuka. Nikamshika mkono, nikamuuliza kwa nini alikimbia sauti ya mwanamke tu.

Akauchomoa mkono wake.

"Mwanamke gani, braza?" akasema. "Ile sauti iliyokuwa inakusahihisha ni ya kaka."