Boga Lililovaa Kaptula

Katika nyumba ya muuguzi, orofa ya nne, kuna chumba ambacho hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Kitanda kimetandikwa shuka la maua madogo, chandarua kimefungwa fundo juu yake, na pembeni zipo kandambili mpya ambazo hazijakanyaga hata sakafu. Pazia la dirishani lilishonwa na mwenye chumba mwenyewe, kwa vipimo alivyosomewa kwenye simu. Pazia lilifika. Mwenye chumba hakufika.

Mwenye chumba ni mama mzazi wa muuguzi, na mtaani kwake anaitwa Bi Mkasi.

Kwa miaka thelathini na miwili Bi Mkasi alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake: sketi, mashati, kaptula za kaki. Cherehani yake ilianza kunguruma kabla ya jua, na majirani walizoea kuamka nayo. Hata watu wazima wenye watoto wao waliwahi kusimama mbele yake, mikono imenyooshwa, wakipimwa mabega. Jina lake lilitokana na tabia moja. Hakuweza kuona uzi unaning'inia akauacha. Alitembea na kimkasi kidogo shingoni, kimefungwa kwa utepe, na ungeweza kusimama naye njiani mkijuliana hali, mara ukasikia kich, uzi wa kwenye pindo la shati lako umekwenda.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Pazia la binti yake lilikuwa kazi ya mwisho aliyoimaliza. Siku moja alihangaika nusu saa nzima kutunga uzi kwenye sindano, kila mara akitunga hewa, mwishowe akafunika cherehani kwa kipande cha shuka. Kesho yake mtaa mzima ulichelewa kuamka.

Mikono yake ndiyo iliyoteseka zaidi. Ilikaa mapajani ikipapasa pindo la gauni, ikienda na kurudi, kama watu waliofukuzwa kazi ambao asubuhi bado wanatoka kwenda kituoni. Nadhani mikono hiyo ndiyo iliyompeleka uani, wala si yeye.

Uani palikuwa padogo: karo la kufulia, kamba ya nguo, ukuta wa mwenye nyumba, na kipande cha ardhi chenye upana wa vitanda viwili. Bi Mkasi akapanda mchicha kwenye beseni zilizotoboka, nyanya kwenye makopo ya rangi, pilipili chini ya bomba, mpapai mmoja kwenye kona. Alipanda kwa futi kamba ya kushonea, mashimo yakipishana kwa inchi zilizo sawasawa, hata jirani yake, fundi redio, akasema ni mara ya kwanza kuona mchicha uliopangwa kama vifungo vya shati. Kila kitu kilimkubali. Mpapai ulizaa mpaka watoto wa jirani wakachoka kuiba. Maboga tu ndiyo yalimkataa. Misimu miwili mmea ulipanda ukuta, ukatoa majani kama masahani, ukatoa maua, basi. Vitunda vilijitokeza, vikageuka njano, vikaanguka.

Msimu wa tatu, mbegu zikiwa ndiyo kwanza zimechipua, muuguzi alikuja akaketi kwenye kizingiti cha jikoni.

"Mama, hapa unakaa na nani?"

"Nakaa na mchicha."

"Mchicha hautakuitia gari ukianguka."

Bi Mkasi aliudhika, na aliudhika kwa sababu binti yake hakukosea. Alimwambia kwamba orofa ya nne haina udongo, na kwamba yeye si pazia, hawezi kutundikwa dirishani siku nzima. Kisha akajisifu kidogo, kama mtu anayeona ameelemewa: akija likizo, miezi minne ijayo, atamlisha boga la uani. Muuguzi akacheka. Akakumbusha kuwa misimu miwili walikula majani tu.

"Haya, mama. Nikikuta boga, moja tu, sitakuuliza tena habari za kuhama. Nisipolikuta, tunafunga mizigo."

Wakapeana mikono.

Miezi miwili baadaye mmea ulikuwa umefika kwenye kamba ya nguo, umejaa maua. Asubuhi moja fundi redio alipita kuomba pilipili, akamkuta Bi Mkasi na kimkasi chake, beseni limejaa maua ya njano miguuni pake. Akauliza ni nini kile. Bi Mkasi akamweleza kwa fahari, akiyapitishia maua vidole: hili lina kijifundo nyuma yake kama kifungo, huyu ndiye mtoto, anaachwa. Hili lingine lina kikonyo kitupu. Ni uzi unaoning'inia, linakula chakula cha bure, linakatwa. Hajawahi kuliacha hata moja.

Fundi redio aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Fundi," akasema, maana wao wawili waliitana fundi, "umewaua mabwana harusi wote. Hawa bibi harusi wazae na nani?"

Mama yake fundi redio alikuwa mkulima wa maboga, basi akamweleza Bi Mkasi alivyofundishwa na mama huyo: lile tupu ndilo dume, na bila vumbi lake kitunda hakishiki. Bi Mkasi akainama akapapasa maua yaliyojaa beseni.

"Misimu mitatu?"

"Misimu mitatu, fundi."

"Na wewe uliyeshindwa kupata mke ndiye wa kunifundisha harusi."

"Ndiyo maana nawaonea huruma wenzangu."

Bi Mkasi akavua utepe shingoni, akampa kimkasi. Akamwambia akae nacho, na hata akikiomba asimpe. Alikiomba mara mbili wiki ile ile, mara ya kwanza kwa ajili ya kucha, mara ya pili bila kisingizio. Hakupewa. Alizunguka uani mikono imefungwa mgongoni kama mkaguzi wa shule, huku maua matupu yakining'inia kila upande yakimdhihaki.

Asubuhi moja ya manyunyu, hakuna hata nyuki mmoja, maua mawili yalifunguka pamoja, tupu na lenye kifungo. Alilichuma lile tupu kwa vidole, akalimenya petali zake, akaliingiza ndani ya lingine taratibu. Macho hayakuhitajika. Vidole vile vilivyoshindwa na tundu la sindano vilijua njia.

Kitunda hakikugeuka njano. Kikawa kama yai, kisha ngumi, kisha kichwa cha mtoto, kinaning'inia kwenye kamba ya nguo, kikonyo kimejikunja kwa uzito. Kikianguka, mambo yamekwisha. Alasiri moja fundi redio aliitwa kutunga uzi. Bi Mkasi akaondoa lile shuka, akatafuta kipande cha kaki, akapima boga kiunoni. Cherehani iliponguruma, majirani walitoka milangoni. Mwanamke aliyekuwa akichota maji aliacha ndoo ikafurika.

Kaptula za kaki alikuwa ameshona nyingi mno kuhitaji kuziona. Hii aliitia kanda za kufungia kwenye kamba, na mfuko wa nyuma. Fundi redio akauliza boga litaweka nini mfukoni.

"Kaptula bila mfuko ni nepi," akajibiwa.

Muuguzi alifika likizo na begi kubwa, tupu, la kufungia mizigo ya mama yake. Akaenda moja kwa moja uani. Boga lilikuwa limeiva, la rangi ya chungwa, limekaa ndani ya kaptula kama mwanafunzi mnene anayesubiri kengele. Alicheka mpaka akashika karo.

"Mama, mimi mwenyewe sikuwahi kushonewa kitu kikanikaa hivi."

"Wewe ulikuwa hutulii kupimwa."

Uzi mmoja ulining'inia kwenye pindo. Muuguzi akanyoosha mkono aukate.

"Uache," mama yake akasema.

Boga liliwatosha wao, fundi redio na nyumba mbili za jirani. Muuguzi hakuuliza tena habari za kuhama, ila aliuliza habari ya kuanguka. Fundi redio akavuta waya juu ya ukuta, akaweka kitufe mlangoni mwa jikoni na kengele kwenye meza yake ya kazi. Mpaka leo kengele hiyo imelia mara nyingi, zote kwa ajili ya kutunga uzi.

Begi lilirudi orofa ya nne limejaa mapapai na pilipili. Bi Mkasi bado anaishi katika nyumba yake, mlango wa pili kutoka kona, na asubuhi yuko uani.