Mjusi wa Buluu kwenye Genge la Lundo

Mke wangu alizaliwa Lundo, karibu na genge la mawe linaloingia Ziwa Nyasa. Macho yake yanafifia. Siku hizi anabaini rangi kali tu. Kabla hayajazima kabisa aliomba kitu kimoja: amwone tena mjusi dume mwenye kichwa cha buluu, ambaye yeye alimtazama utotoni alipokuwa akianika dagaa. Tukashuka kutoka Mbinga.

Kumtafuta mjusi wa mwambani si kazi ngumu, hata wewe utaweza. Usiende alfajiri, ngoja jua lipashe mwamba moto. Usisimame mahali ambapo kivuli chako kitamwangukia. Anza na kinyesi chake, kipande cheusi chenye ncha nyeupe, kisha uchungulie ufa ulio karibu, kwa sababu ndimo anamolala.

Nilitafuta tangu saa tatu mpaka saa saba. Niliona pimbi wawili na furukombe mmoja. Nyufa nilizozikumbuka zilikuwa zimejaa udongo, mgumu kama tofali.

"Udongo huu umetoka wapi?" nikamuuliza shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja kutusaidia.

Akacheka. "Unaniuliza mimi? Shamba la juu lilichimbwa kwa ushauri wa nani? Ninyi Wamatengo, mkipewa hata kaburi mtalichimba ngoro!"

Ni kweli. Miaka ya nyuma nilimshawishi alime kule juu kwa ngoro, mashimo yetu ya milimani: unafyeka nyasi, unazilaza kwa miraba, unazifukia kwa udongo unaochimbwa katikati, shimo linabaki. Kwetu udongo ni mzito, kingo za mashimo husimama. Pale ni kichanga juu ya mwamba. Mvua ilibomoa kingo zote, na shamba likateremkia kwenye genge. Mimi nilikuwa nimesharudi Mbinga, nikijisifu kwamba nimefundisha watu kilimo.

"Shemeji, huyu hapa!" kaka wa mke wangu akaita.

Alikuwa jike, rangi ya jiwe lenyewe. Nikamshika mke wangu mabega, nikamgeuza taratibu.

"Yuko wapi?"

"Mbele yako. Hatua tatu."

Alikaza macho mpaka machozi yakamtoka. "Naona jiwe," akasema. "Dume hayupo?"

Nikamwambia hayupo, na nikamwambia kwa nini: udongo wa shamba nililolishauri umeziba nyufa zake. Alinyoosha mkono kwa kaka yake, si kwangu, amwongoze kupanda njiani.